Hospitali ya kwetu ilikataa kumpasua mwanangu, nikamvusha mpaka. Mnaomshauri yule kijana "vuka tu", someni hapa kwanza

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alifariki Msangano na shule yangu ikaishia hapo. Darasa la nne, sikulimaliza.

Wakuu, heshima zenu. Wadogo marahaba, na wakubwa shikamooni kama wamo, maana humu sidhani kama nina wakubwa wengi. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo anayeona uzi ni mrefu apite, asiniambie nifupishe. Sina cha kudanganya hapa. Mengi nitakayosema yananiaibisha mimi mwenyewe, na mtu hajitungii uongo wa kujiaibisha.

Kilichoniamsha ni kijana mmoja aliyeandika humu wiki iliyopita. Kapata mtoto, na mtoto maumbile yake hayajaeleweka kama ni wa kike au wa kiume. Hospitali wamemwambia asubiri. Yeye hataki kusubiri, anaulizia daktari wa kumpasua.

Nikasoma majibu yenu. Wengi mnamwambia: vuka tu Zambia, kule wanafanya. Mmoja kaweka na kicheko.

Mimi nilivuka.

Nianze nyuma kidogo ili mnielewe, msije mkadhani nilikuwa mlevi au mtu mwenye roho mbaya.

Baba alipokufa nilishuka Mlowo kubeba magunia ya kahawa. Nilikuwa mfupi, gunia linanizidi, watu wananicheka. Nikakaza. Baadaye nikaenda Tunduma, miaka ile ya uhaba, sabuni inatafutwa kama dawa. Mpaka wakati ule ulikuwa kama barabara ya mtaa. Unavuka mguu huu, uko Nakonde, Zambia.

Hapo ndipo nilipopata elimu yangu. Nilijifunza kwamba hapana ni ya upande mmoja. Ukiambiwa hapana huku, usibishane na mtu. Vuka. Sukari huku hakuna, kule ipo. Mahindi huku yamezuiwa, kule wanayalilia. Watu wa Tunduma wanaelewa ninachosema, akili hii tunainyonya na maziwa. Ilinipa lori la kwanza, ikanipa na nyumba ya kwanza, na hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Nilioa mwaka 1994. Tukapata Edina, akafuata Lazaro, na mwaka 2003 akaja wa tatu.

Huyu wa tatu humu nitamwita Shukuru. Si jina lake. Kabla ya kuandika nilimtumia ujumbe kumwomba ruhusa. Alijibu maneno matano: "Andika. Jina badilisha. Usijifanye shujaa." Hayakuzidi matano, nimeyahesabu kama magunia.

Siku aliyozaliwa, nesi alitoka akaniangalia halafu akaangalia ukuta. Nikauliza, "Ni nani?" maana sisi ndivyo tunavyouliza, ni mwanamke au mwanamume. Akasema, "Ni mzima, baba." Nikauliza tena. Akasema tena ni mzima.

Nilipoingia, mama Edina, yaani mke wangu, alikuwa amemfunga mtoto mpaka shingoni na joto lote lile. Akasema, "Njoo umwone. Halafu usipige kelele."

Sikupiga kelele. Lakini nilitoka nje na sikurudi mpaka walipokuja kuniita.

Kwetu Wanyamwanga kuna kitu wageni hawakijui. Jina la ukoo lenyewe linamsubiri mtoto mlangoni: mwanamume anaanza na Si, mwanamke anaanza na Na. Siku ya kwanza tu wazee wanataka kujua ni lipi. Na dada zangu walishafika kutoka Msangano, kwetu mashangazi ndio wanaomwogesha mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza.

Mama Edina alikataa. Alisema mtoto wake atamwogesha yeye. Dada yangu mkubwa akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Pesa za kaka zimemfanya shemeji asione mikono yetu." Mke wangu akameza. Kila siku alimwogesha mtoto peke yake, mlango umefungwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Tulipewa rufaa kwenye hospitali kubwa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini mpole wa kutosogea. Alimpima mtoto, wakachukua damu, tukarudi mara kadhaa. Mwisho akatukalisha.

"Baba, mtoto anakojoa vizuri?"

"Vizuri."

"Anakula?"

"Anatumaliza."

"Basi mtoto haumwi. Wapo watoto wanaozaliwa hivi na kisu kinatakiwa haraka, kwa mfano mkojo umeziba. Huyu hana shida hiyo. Tutamfuatilia tu."

Nikamwambia, "Daktari, mimi sijaja kufuatilia. Nimekuja mmrekebishe."

"Turekebishe kuelekea wapi?"

Akaendelea, "Mleeni kama binti au kama kijana, kama mnavyoona, na mkikosea nguo zinabadilishwa. Mwili ukikatwa haurudi. Akikua atatuambia mwenyewe."

"Mtoto aniambie mimi?"

"Wewe unadhani huo mwili ni wa nani, baba?"

Mama Edina alikuwa anatingisha kichwa kukubali. Mimi nilikasirika. Nilitoka pale nikisema yule mama anaficha kutojua kazi. Kwa akili yangu, mtu akisema "subiri" maana yake hana mzigo stoo.

Mnajua nilifanya nini. Nilifanya nilichofanya maisha yangu yote.

Nilikuwa na mwenzangu wa biashara upande wa pili, Mzambia, tulikuwa tunaitana mulamu, shemeji, kwa utani wa mpakani. Nikamweleza kwa kuzunguka. Akanielewa haraka. "Awe, mulamu," akasema, yaani hapana, usihangaike, "hiyo kitu ndogo. Nina daktari."

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Mke wangu nilimwambia nampeleka kuwasalimia ndugu zetu wa Zambia, wiki moja. Alimfungia nguo tatu na chupa ya uji. Shukuru alikaa katikati yetu kwenye lori, anahesabu matairi ya matrela tunayopishana nayo. Alikuwa anajua mpaka nne, akifika nne anaanza upya. Alifurahi safari ile kuliko nilivyowahi kumwona.

Tulisafiri siku nzima na nusu. Kliniki ilikuwa ya mtu binafsi, safi, vigae sakafuni. Daktari aliongea Kiingereza, mulamu akawa mkalimani, na Kiswahili cha mulamu ni cha kuuzia mahindi.

Daktari aliongea kirefu. Mulamu akanigeukia: "Anasema watasafisha."

Nikauliza, kusafisha nini? Daktari akaongea tena kirefu. Mulamu: "Anasema ukitaka wa kike ni kazi moja. Ukitaka wa kiume ni kazi nyingi, na labda haitakaa vizuri."

Wakuu, nitawaambia ukweli. Sikufikiria hata muda wa kumaliza soda. Sikumfikiria mtoto, sikumfikiria mama yake. Nilifikiria kazi moja na kazi nyingi.

Nikasema, "Wa kike."

Wakanipa karatasi. Sikuweza kuisoma. Nikasaini.

Tulikaa kule wiki tatu na siku kadhaa. Yale ya wodini sitayaandika, ni ya kwake si ya kwangu. Nitasema tu kwamba kurudi hakuhesabu matairi.

Tulipofika nyumbani nilikuwa nimemnunulia gauni jekundu. Mama Edina alimpokea, hakuniuliza tulichelewa wapi. Akachukua beseni, akaingia naye ndani, akafunga mlango kama kawaida yake.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisimama mbele yangu, mikono bado ina povu.

"Baba Edina. Umenirudishia mtoto wa nani?"

Nikamwambia nimemaliza tatizo. Nikamwambia sasa dada zangu wanaweza kumwogesha. Wiki ile alihamishia nguo zake chumba cha watoto, na huko ndiko anakolala mpaka leo. Watu wakija wanaona familia, na chakula kinapikwa, na kanisani tunakaa benchi moja.

Tukambatiza jina la mama yangu. Ukoo ukampa Na. Sherehe ilikuwa kubwa, nilichinja. Nilijiona mwanaume aliyetatua jambo.

Mtoto hakuwa sawa. Mkojo ulianza kumsumbua, homa kila mara, dawa kila mara. Akawa anaogopa beseni. Alipoanza kuuliza maswali, nikamwagiza mama yake aseme alizaliwa na ngiri, akapasuliwa. Mama Edina akasema, "Huo uongo uuseme mwenyewe." Nikausema mwenyewe. Nikausema miaka kumi na moja.

Akiwa na miaka kumi na nne, wenzake wote wamekua, yeye hana dalili ya kukua, na alikuwa amevunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu. Mama Edina akasema anampeleka kwenye hospitali ile ile ya rufaa, niende nisiende. Nikaenda.

Yule daktari mama alishastaafu. Tulimkuta kijana, lakini faili la zamani lilikuwepo. Sikutegemea. Nilidhani makaratasi yale yalishaliwa na panya.

Kijana akafungua, akasoma. Akampima Shukuru, akasubiri majibu ya vipimo, akarudi kwenye faili.

"Hapa iliandikwa mtoto asifanyiwe upasuaji, asubiriwe," akasema. "Nani alimfanyia?"

Shukuru yuko pale pale kwenye kiti, sare za shule, ana masikio yake.

"Upasuaji gani?" akauliza yeye. "Wa ngiri?"

Daktari akajua amekanyaga pabaya. Akataka kumtoa nje kwanza. Shukuru akakataa kutoka. Akanigeukia mimi, si mama yake. "Baba, nilipasuliwa nini?"

Na hapo wakuu ndipo nilipoaibika kuliko siku zote nilizobeba magunia. Maana hata kama ningetaka kusema ukweli, nilikuwa siujui. Nilijua neno moja tu la mulamu. Nilisema, "Walisafisha."

Daktari akaeleza kwa upole kile alichokisoma kwenye vipimo. Viungo vya ndani vinavyotengeneza homoni vilitolewa. Kwa hiyo mwili hauna cha kuuambia ukue, mifupa nayo inakosa nguvu, na atakunywa dawa maisha yake yote. Akasema anahitaji karatasi za ule upasuaji, ajue nini hasa kilitolewa na kwa nini, maana bila hizo wanakisia.

Sikuwa nazo. Niliwahi kuwa na nakala. Niliichoma mwaka ule ule tuliorudi, ili mke wangu asiione.

Ninatunza kadi za magari ambayo hata injini zake zilishayeyushwa. Karatasi ya mwanangu nilichoma.

Shukuru hakupiga kelele, amechukua kwa mama yake. Alimaliza shule, alinisalimia kila asubuhi, alikunywa dawa zake. Alipofika miaka kumi na tisa akaweka nguo kwenye begi, akamkumbatia mama yake na kaka yake. Mimi alinipa mkono. "Asante kwa kunisomesha, mzee." Mpaka siku ile nilikuwa baba.

Sasa yuko maeneo ya chini huko, kata ya Mbangala, kijiji sikitaji. Msimu wa ufuta ni karani wa mizani. Mama Edina anaenda kumwona kila mwezi kwa basi. Nilimwambia nitakupeleka na gari, akasema basi linatosha. Akirudi namuuliza, "Hajambo?" Anasema, "Hajambo." Hizo ndizo habari zote ninazopata, wakuu. Naweza nikakaa mwezi mzima nasubiri neno hilo moja.

Mwaka jana msimu wa ufuta nilienda mwenyewe. Niliacha gari mbali, nikakaa kwenye foleni na wakulima. Wakanitania, "Mzee wa Tunduma na wewe umelima mwaka huu? Mikono mbona laini?" Nikawaambia mikono hii ilibeba kahawa kabla baba zenu hawajaoa. Wakacheka.

Nikafika mbele. Anaandika, hajainua kichwa.

"Shikamoo mzee. Una mzigo?"

"Marahaba. Sina mzigo."

Akaniangalia sasa. Akaiweka kalamu mezani.

"Basi sogea pembeni, wenye mzigo wapite."

Nikasogea. Nilisimama pembeni ya mizani kuanzia asubuhi mpaka wanavunja kwa ajili ya chakula. Alikuja na sahani mbili za wali, akanipa moja. Sikutegemea sahani.

Nikaanza hotuba yangu, nilikuwa nimeipanga njia nzima. Kwamba kama alitaka kuwa mwanamume, basi nitauza lori, tutatafuta madaktari hata nje. Akanikatisha kwa kucheka, na kicheko hakikuwa kibaya.

"Mzee, nani kakwambia nataka kuwa mwanamume? Mimi nimekaa na uanamke wangu, haunisumbui. Pengine ningefika hapa hapa mwenyewe kwa miguu yangu. Pengine nisingefika. Sijui. Na sitakaa nijue, hata nikiishi miaka mia. Hicho ndicho ulichonichukulia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyaweza matusi.

Akasema kitu kimoja tu anachotaka kwangu ni zile karatasi. Kila daktari mpya anamuuliza, naye kila mara anaanza kueleza mbele ya mtu mgeni kitu ambacho hata yeye hakijui. Alisema, "Nimechoka kuwa kesi ya kukisia."

Nikaahidi. Mimi nikiahidi napeleka, muulizeni mtu yeyote Tunduma.

Nikavuka tena, safari hii peke yangu. Mulamu alishafariki, mwanaye akanionyesha njia. Pale palipokuwa kliniki wanauza mabati na rangi. Vigae ni vile vile. Daktari alihama nchi, hakuna anayejua alikwenda wapi, na makaratasi mwenye jengo anasema aliyakuta maboksi, akayatupa. Nilizunguka mji ule siku nne, ofisi hii, ofisi ile, mzee wa miaka hamsini na nane na kofia mkononi. Wananiuliza jina la upasuaji. Silijui. Wananiuliza tarehe. Nakumbuka mwaka na kwamba ilikuwa kabla ya mvua.

Nimeishi kwa kuamini kwamba ukikosa upande huu utapata upande ule. Nilisimama pale kwenye duka la mabati na nikaona hakuna upande mwingine.

Nilimpigia kumwambia. Alipokea, jambo ambalo si kawaida. Nikasema nimekosa. Nikasikia upepo wa huko kwao.

"Sawa, mzee. Umetafuta?"

"Nimetafuta."

"Haya."

Akakata. Tangu siku ile nikipiga hapokei. Ule ujumbe wa ruhusa ndio peke yake alionijibu.

Sasa narudi kwako kijana. Najua unasoma. Mwanao kama anakojoa, ananyonya na madaktari wanasema haumwi, basi anayeumwa ni wewe, na ugonjwa wako ni macho ya watu. Nao unatibika, mimi sikuutibu tu. Nenda kliniki kila wanapokuita. Wakikuambia kuna hatari ya kweli, uliza hatari gani, wakueleze kwa lugha unayoiota usingizini, na mama yake awepo. Karatasi zote tunza. Usimdanganye mtoto, mweleze kidogo kidogo kadiri anavyokua. Dada zako wakinuna waache wanune. Wangu walishasahau zamani, hakuna hata mmoja anayekumbuka walichonunia.

Na wewe uliyeweka kicheko, sina ugomvi na wewe. Ningekuwa na umri wako ningeweka viwili.

Mwenye mtoto wa hivi, au mwenyewe aliyezaliwa hivi, kama una la kuniambia sema hapa hapa, hata likiwa kali. Hasa likiwa kali. Na mwenye kujua namna nyingine ya kupata kumbukumbu za kliniki iliyofungwa ng'ambo, naomba anielekeze, bado naweza kusafiri.

Najua kuna watakaosema huyu mzee ana maisha magumu ndiyo maana analia mitandaoni. Nilichonacho leo ni hiki:

Nyumba tatu Tunduma, moja ya kuishi, mbili za wapangaji.

Malori mawili yanatembea, moja limelala juu ya matofali.

Shamba la mpunga Msangano, eka arobaini.

Mashine ya kukoboa Mlowo.

Ng'ombe kumi na sita.

Mke mmoja.

Watoto watatu. Wawili wananiita baba.